Somo la Historia: Dema Dogo Ndani ya Mshipa

Wanafunzi wapenzi, sogeeni karibu na redio, kalamu mkononi.

Mvuvi wa Tanga alijua dema. Ni mtego uliosukwa wenye matundu mengi. Maji hupita, nalo halibonyei. Leo tutajifunza habari za kitu kinachofanana na dema dogo sana la madini. Jina lake stenti. Daktari huiingiza ndani ya mshipa wa damu ulioanza kuziba, ili ubaki wazi.

Je, nani alijaribiwa kwanza? Si mtu. Ni mbwa.

Mwaka 1969, huko Marekani, Dk. Charles Dotter alitia mirija ya plastiki katika mishipa ya miguu ya mbwa. Damu ikaganda, mirija ikaziba. Akajaribu waya wa chuma kisichoshika kutu, uliozungushwa kama springi. Safari hii baadhi ya mishipa ilibaki wazi muda mrefu. Fikirini, kama angeanza na binadamu, ile mirija ya kwanza ingemdhuru nani?

Mwaka 1983 alitumia mchanganyiko wa nikeli na titani. Waya huu una ajabu yake: ukiwa baridi hunyooshwa, ukipata joto hurudia umbo lake la kwanza. Basi hupita mshipani ukiwa mwembamba, kisha hujizungusha humo ndani. Huu nao ulijaribiwa kwa mbwa.

Dk. Julio Palmaz, mzaliwa wa Argentina, alipata wazo lake kwa kutazama wavu wa chuma wa waashi. Yeye pia alianza kwa wanyama.

Ndipo mwaka 1986 Dk. Jacques Puel wa Ufaransa na Dk. Ulrich Sigwart wa Uswisi walipoingiza stenti katika mishipa ya moyo wa binadamu. Toka 1969 ni miaka 17 ya subira.

Yatuhusu nini? Siku hizi kazi hii hufanywa hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Lakini toka Tanga ni kilomita zipatazo 350, na moyo haungoji. Mzee akibanwa kifua usiku, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali iliyo karibu mara moja.

Na tumwonapo mbwa njiani, tuweke jiwe chini. Tuna deni kwake.

Maswali:
1. Kwa nini mirija ya plastiki haikufaa?
2. Waya wa nikeli na titani una ajabu gani?
3. Je, ni haki kumjaribia mnyama dawa ya mtu? Jadilianeni.

Kwaherini.