Vyuma vya Kutuliza Mikono ya Trekta: Historia ya Chombo na Jina Lake

Mto Mzinga huteremka kutoka milima ya Uluguru hadi bwawa la Mindu, karibu na mji wa Morogoro. Milimani, palipo na miteremko mikali, jembe la mkono ndilo litawalalo. Trekta ina nafasi yake katika nchi iliyo chini. Lakini hata huko ardhi yaweza kuinamia upande mmoja, na chombo kilichofungwa nyuma ya trekta kuukuu huyumba kuelekea bondeni. Ndipo mwenyewe hutafuta vyuma vya kutuliza mikono, ambavyo mara nyingi si vya kiwanda kilichoiunda trekta yake.

Asili ya jambo hili ni Harry Ferguson (1884-1960), mzaliwa wa Ayalandi, aliyeunga plau na trekta kwa viungo vitatu: mikono miwili chini na mmoja juu. Trekta zake za TE20, zilizoundwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956, zilizidi 500,000. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris, na mfumo ule ukaendelea katika Massey Ferguson 135, iliyoanza 1964.

Yafaa ijulikane kwamba kuyumba hakukuwa kosa la mwundaji. Mikono ya chini hukaribiana kuelekea mbele, ili plau lijirudishe lenyewe katikati na kuifuata trekta inapogeuka kidogo. Minyororo ilizuia tu plau lisigonge magurudumu. Vyuma vigumu vilikusudiwa kazi nyingine, kama kupanda kwa mistari. Wakati wa kulima kwa plau viliondolewa.

Fundi avifungaye hana budi kuangalia kwamba pini ya mbele ya chuma, kwenye ekseli, imo katika mstari mmoja na pini ya mkono. Ikiwa juu au nyuma yake, chuma na mkono havitazunguka pamoja. Mikono inyanyuliwapo, ama chuma hupinda, ama kishikio chake huvunjika.

Hapa mwanalugha naye ana wajibu. Tukikiita chombo hiki “kizuia-kuyumba”, twamfundisha mkulima kwamba kuyumba ni ubaya daima, naye atakiacha mahali pake hata alimapo. “Chuma cha kutuliza” ni jina bora, maana kilichotulizwa chaweza kuachiliwa tena. Watungao istilahi za mitambo yawapasa kwanza kuijua historia ya kazi yake.