Joginder Singh na Watu wa Kando ya Barabara

Msomaji, ikiwa unakaa Changamwe, barabara ipitayo karibu na kwenu ndiyo itokayo Nairobi. Na ikiwa unakaa Likoni, mbele yako iko njia ya Kwale na Lunga Lunga iendayo hadi Tanga. Atokaye Nairobi kuingia mjini Mombasa hana budi kupita kwa wa kwanza, na atokaye Tanga kwa miaka mingi hakuwa na budi kungoja kivuko kwa wa pili. Leo wapitao ni malori ya bandari na mabasi ya abiria. Lakini iko miaka mingi ambayo mashindano makubwa ya motokaa, yaitwayo Safari, yaliteremka hadi pwani siku za Pasaka, na jina la dereva mmoja likakaa vinywani mwa watu kuliko majina mengine yote. Dereva huyo ni Joginder Singh.

Safari ilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, nayo ilipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Usidhani ilikuwa mbio za kuzunguka kiwanja, kama zile za Ulaya. Dereva alipewa muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kila dakika ya kuchelewa iliandikwa dhidi yake. Barabara hazikufungwa: ng'ombe, punda na lori la mahindi vilikuwa na haki ile ile ya kupita. Na kwa kuwa Pasaka huangukia majira ya mvua, udongo uliokuwa mgumu asubuhi uliweza kuwa uji jioni. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, zikafika 7. Mwaka 1968 ziliondoka 93, na zilizofika zilikuwa 7 vile vile.

Hapo ndipo watu wa kando ya barabara walipoacha kuwa watazamaji tu. Motokaa ilipozama, waliokuwa karibu waliingia matopeni wakaisukuma, magurudumu yakawarushia tope usoni, wakarudi nyumbani kama wafinyanzi. Mtu aliyeisukuma motokaa kwa bega lake huwa na haja ya kujua kama ilifika.

Joginder alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932, mwana wa Kalasinga aliyetoka Punjab. Alikuwa fundi wa magari kabla hajawa mshindani. Alijulikana kwa spana kabla hajajulikana kwa mbio. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia katika Safari kwa Volvo iliyokwisha kutumika, motokaa ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imeshindwa katika mashindano yayo hayo. Wakaifungua, wakaitengeneza upya kwa mikono yao. Wakapata namba 1, maana yake wakatangulia kuondoka, na atanguliaye hali vumbi la mtu. Wakashinda, wakimwacha wa pili nyuma kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Fikiri mwaka huo ulikuwa mwaka gani. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963 na kuwa jamhuri Desemba 1964. Wote waliomtangulia Joginder kushinda walikuwa watu wa asili ya Ulaya. Mwafrika, Mhindi na Mzungu walikuwa wamezoeshwa na serikali ya kikoloni kukaa mitaa mbalimbali, kusoma shule mbalimbali na kutibiwa hospitali mbalimbali. Miaka michache baadaye swali la nani mwenyeji na nani mgeni lilizidi ukali: mwanzoni mwa 1968 maelfu ya Wahindi waliihama Kenya, na mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda. Katika miaka hiyo hiyo Kalasinga mwenye kilemba alipita mbele ya vijiji, na vijiji vikamshangilia kama mtoto wao. Sisemi kwamba shangwe za siku chache ziliondoa ubaguzi. Siku ya kazi ilipofika, kila mtu alirudi mtaani kwake. Nasema tu kwamba palikuwa na mahali pamoja ambapo swali lile halikuulizwa, napo ni kando ya barabara. Aliposhinda tena mwaka 1974, safari hii kwa Mitsubishi Lancer ndogo iliyoishinda Porsche ya Björn Waldegård kutoka Sweden, na tena mwaka 1976, watu walisema mwenzetu ameshinda.

Huenda ukauliza: mbona hatumzungumzi Shekhar Mehta? Ni swali la haki. Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye jamaa yake ilikuwa miongoni mwa waliofukuzwa na Amin, alishinda Safari mara tano: 1973, kisha mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, siku nne kabla ya Pasaka, naye alililiwa na wengi. Kwa hesabu ya vikombe Joginder ni mdogo wake. Lakini kwa maoni yangu watu wa barabarani hawakuhesabu vikombe. Mtazamaji huiona motokaa kwa kufumba na kufumbua. Kinachobaki ni kusikiliza redio usiku ili ajue nani amefika. Joginder aliingia katika Safari mara 22, akafika mara 19. Katika mashindano ambayo mwaka mwingine hufika motokaa 7, hiyo ni ajabu kuliko kushinda.

Wapenzi wa Jim Clark hukumbuka Hockenheim, alikokufa mwaka 1968. Wapenzi wa Ayrton Senna huenda na maua hadi ile kona ya Imola iliyomuua mwaka 1994. Joginder hakuacha kona ya namna hiyo. Alifariki London akiwa na miaka 81, mbali na barabara zote alizozishinda, tarehe 20 Oktoba 2013. Kwa Wakenya tarehe hiyo ni Siku ya Mashujaa.

Kwa hiyo waliompenda hawakuwa na mahali pa kwenda kumlilia. Walichokuwa nacho ni jina. Kwa miaka mingi nchini Kenya dereva aliyekwenda mbio kupita kiasi aliulizwa na abiria kwa hasira, "Wadhani wewe ni Joginda?" Na wengi waliokemewa hivyo, na waliokemea, hawakupata hata siku moja kumwona mwenye jina.