Neno la Wiki: Mzio
Mtu akiiva uso kwa nusu glasi ya bia, siku hizi huambiwa ana "mzio wa pombe". Hapana. Mzio ni neno letu la zamani, ndugu wa mwiko: chakula ambacho mtu hukatazwa kwa mila ya ukoo au agizo la mganga. Madaktari wamelipa maana mahususi: kinga ya mwili kushambulia kisicho adui, kama karanga au vumbi.

Wajapani, Wachina na Wakorea wengi, takriban mmoja kati ya watatu, wana jambo jingine kabisa. Ini hugeuza pombe kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu. Kisha kimeng'enya kiitwacho ALDH2 huigeuza kuwa asetati isiyodhuru. (Kimeng'enya, kutoka meng'enya, yaani vunjavunja, tafadhali tusikiite homoni.) Wao wamerithi jeni inayokifanya dhaifu, hivyo sumu hurundikana, uso huwaka, moyo huenda mbio. Tuseme "mwili wake hauhimili pombe". Anayedhani ni mzio humeza dawa ya mzio, wekundu ukapungua, akaendelea kunywa, ilhali sumu ile ile inamwongezea hatari ya saratani ya umio.