Mbiu ya Mgambo na Neno "Huenda": Historia Fupi ya Kuonyana kwa Kiswahili

Wahenga walinena: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali hii hunukuliwa mara nyingi kana kwamba jambo lenyewe haliwezi kukosa. Pembe imelia, basi lazima pana vita, msiba au amri ya mkubwa. Lakini vipi pembe ikilia, watu wakatoka majumbani, na jambo lisije? Swali hili limenikaa moyoni tangu Aprili 2019, nami naliwasilisha kwenu, wapenzi wa lugha, kwa kuwa naamini ni la kwetu sisi washika kalamu kama lilivyo la wataalamu wa hali ya hewa.

Nianze na historia. Mwezi Aprili 1872, katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Sultani Barghash bin Said, kimbunga kiliipiga Unguja. Merikebu zilivunjika bandarini na mikarafuu iling'olewa shamba baada ya shamba. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo kitovu cha karafuu. Upepo wa siku moja uliuhamisha uchumi wa visiwa viwili. Miaka themanini baadaye, Aprili 1952, kimbunga kingine kilitua katika pwani ya Lindi na kuua watu zaidi ya 30. Wakati huo Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilikuwapo, lakini setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa mwaka 1960 tu. Watu wa Lindi walikijua kimbunga kwa kukiona.

Mabaharia wetu hawakuwa wajinga wa pepo. Walikuwa na kaskazi na kusi, na kipindi cha katikati, pepo zinapogeuka, walikiita tangambili au maleleji. Tazameni kalenda: Aprili 1872, Aprili 1952, Aprili 2019. Yote matatu yameangukia majira hayo ya mgeuko. Ila kimbunga kamili ni mgeni adimu kwetu, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msukumo wa kutosha kujisokota. Kinachokuja mara moja katika maisha ya mtu hakijengi desturi. Ndiyo maana tuna majina mengi ya tufani, dhoruba na chamchela, lakini hatukurithi maneno ya kuambiana: bado hakijafika, na huenda kisifike, lakini ondoka.

Sasa tuje 2019. Mwezi Machi kimbunga Idai kilikuwa kimeiangamiza Beira, Msumbiji. Wiki chache baadaye kikatokea Kenneth, kikapita Komoro kikielekea bara. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari kwa mikoa ya kusini. Mjini Mtwara shule na ofisi zilifungwa tarehe 25 Aprili, na wakazi wa maeneo ya chini walitakiwa kuhamia sehemu za miinuko. Siku hiyohiyo Kenneth alitua kusini zaidi, katika jimbo la Cabo Delgado. Mtwara ikapona.

Sisi wa Mnyambe, huku juu ya uwanda wa Newala, bahari hatuioni. Tunachokiona, tukisimama ukingoni kwenye Shimo la Mungu pale Newala, ni bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Baada ya siku ile nilisikia kauli moja ikirudiwa vibarazani: "Kimbunga hakikuja, walitutisha bure." Lakini kimbunga kilikuja. Kilikwenda ng'ambo, kwa watu ambao wengi wao ni Wamakonde kama sisi, wenye lugha yetu na majina yetu. Kiliharibu sehemu kubwa ya mji wa Macomia, kikaua watu zaidi ya 40 nchini mle. Aliyesema hakikuja alikuwa na maana kwamba hakikuja kwake.

Kosa hili nalitafuta katika sarufi. Mtabiri husema "kinaweza kutua Mtwara". Mwenye redio humwambia jirani, "kitatua Mtwara". Jirani humwambia shemeji yake, "kinatua kesho". Katika vinywa vitatu, uwezekano umegeuka ahadi, na ahadi isipotimia hugeuka uongo. Kiambishi -ta- ni chepesi kutamkwa kuliko kitenzi kizima cha kuweza, na habari inayokimbia hutua mizigo mizito njiani.

Zipo na shida za msamiati. Neno "inatarajiwa" hutumika sana katika utabiri, lakini kutarajia kwetu kumebeba tumaini: hutarajiwa mgeni, hutarajiwa mavuno. Mtu akisikia mafuriko "yanatarajiwa", sikio lake hupata ujumbe wenye pande mbili. Na "wastani" hufanya kazi mbili kwa siku moja: mvua za wastani ni zile zilizozoeleka, ilhali uwezekano wa wastani ni kipimo cha shaka. Mkulima wa korosho aliyesikia yote mawili ana haki ya kuchanganyikiwa.

Hata hivyo, sifa ziende zinakostahili. Mamlaka yetu imeyapanga maonyo yake kwa madaraja na rangi: angalizo kwa njano, tahadhari kwa chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Mpangilio huu ni wa Kiswahili hasa. Angalizo limetokana na kuangalia: inua macho. Tahadhari yatoka katika Kiarabu, na ndani yake mna kujilinda: inua miguu. Tofauti hiyo ingefundishwa shuleni kama tunavyofundisha vina na mizani, mtoto wa darasa la nne angemweleza bibi yake.

Tatizo hili si letu peke yetu. Kule Goma, mashariki ya Kongo, Waswahili wenzetu wanaishi chini ya mlima Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 uji wa moto uliingia mjini, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena bila onyo la wazi kuwafikia wakazi. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi akaamuru sehemu ya mji ihamwe kwa hofu ya mlipuko wa pili. Watu walitoka usiku na mchana, mlipuko wa pili haukutokea. Mara ya kwanza mlima bila mbiu, mara ya pili mbiu bila mlima. Ni lugha ipi itamfanya mtu wa Goma atoke mara ya tatu?

Pamoja na hayo, Goma imetufundisha jambo. Ipo huko hewa nzito ya kaboni inayokusanyika mabondeni na kuua wanyama na watu kimya kimya. Wenyeji huiita mazuku, nao wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua neno hilo na kuliandika katika tafiti zao. Kwa sikio langu lina ujirani na mizuka na kuzuka. Neno moja limebeba onyo zima: kipo, hukioni, hutokea ghafla. Wananchi ndio walioliunda, na wataalamu wakawafuata.

Kinyume chake ni majina ya vimbunga, ambayo hutoka katika orodha iliyoandaliwa kabla ya msimu. Mei 2024 Kusini ilipigwa na kimbunga kilichoitwa Hidaya. Kilitua Mafia, kikaleta mafuriko Kilwa na kuikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Hidaya kwetu ni tunu, ni zawadi. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, lakini washairi mtaona ugumu wa kumwambia mtu akimbie zawadi.

Basi tufanyeje? Pendekezo langu ni dogo. "Huenda" ni neno la watu wazima, tulirudishie heshima. Tuwazoeze wasikilizaji kwamba onyo hupimwa kwa maandalizi, na kwamba kimbunga kilichopita kando hakimfanyi mtabiri kuwa mwongo. Na kwa kuwa kilichofungwa kwa vina hakipotezi viambishi njiani, ushairi unaweza kuwa chombo cha kazi hii. Natoa ubeti mmoja, si kwa kujigamba, bali ili wenye ufundi zaidi wautengeneze:

Huenda kikatufika, chenye pepo za kudhuru,
Toka bondeni haraka, kungali bado na nuru,
Wazee pia kumbuka, wasio miguu huru,
Kikifika umetoka, kisipofika shukuru.

Kibwagizo ndicho ninachokitetea. Mikorosho yetu huchukua miaka kukua, kama mikarafuu ya Unguja, na baadhi yetu tuna mashamba chini Ruvuma ambako maji hupanda kabla ya habari kufika. Tangambili hurudi kila mwaka. Leteni beti zenu, na leteni pia maneno ya onyo kutoka lahaja na lugha za kwenu, ili mbiu ikilia tena tuwe na la kusema lisiloharibika njiani.