Mwalimu Wako Alifundishwa na Nani?

Ukisema hapa Majengo, Nyeri, kwamba unatafuta shule ya taichi, utaulizwa kama ni chuo cha udereva. Shule ziko Nairobi. Mimi niliacha chuo kikuu, kwa hivyo karo na nauli ya matatu nazihesabu mara mbili. Kabla ya kulipa, nilisoma historia.

Taichi yenyewe ilitoka kijijini. Katika karne ya 19, Yang Luchan alijifunza kupigana kwa ukoo wa Chen, jimbo la Henan, kisha akaupeleka ujuzi huo Beijing. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliufundisha polepole, bila kuruka wala kukanyaga kwa kishindo, hata wazee wakauweza. Mwaka 1956 serikali ya China iliufupisha mtindo wa Yang ukabaki mikao 24, ili raia wengi wajifunze. Hiyo 24 ndiyo unayoiona sana YouTube.

Sasa unajua cha kuuliza. Mwalimu, ulifundishwa na nani, naye na nani? Hii ni ya Chen, ya Yang, ama ni ile 24? Mkono huu unazuia nini? Mnasukumana mikono wawili wawili? Hata ile 24 ni sawa kama ni afya unatafuta, bora uambiwe ukweli. Akijibu bila kununa, lipa mwezi mmoja kwanza. Akianza kukuuzia mkanda mweusi, shika njia: taichi ya jadi haina mikanda.