Supu ya bure ya Bwana Patterson

Wadau, rafiki akipata kazi mpya tunamuuliza: kuna bima? Kuna chakula cha mchana? Mara chache tunauliza watu wa mauzo mle ndani wanaishije. Nikakumbuka kisa cha Dayton, Ohio, kule Marekani.

Mwaka 1884 John H. Patterson alinunua kampuni iliyokuja kuitwa National Cash Register, watengenezaji wa mashine za kuhesabia fedha madukani. Miaka kumi baadaye shehena ya mashine mbovu ikarudishwa kutoka Uingereza. Bwana huyu akahamishia meza yake kiwandani ajionee mwenyewe. Inasimuliwa kwamba alimkuta mama mmoja akipasha kitu kwenye bomba la joto, akadhani ni gundi. Kumbe kahawa! Basi vikaja vyakula vya moto, mabafu ya kuoga ndani ya saa za kazi, madaktari, bustani na kuta za vioo zinazoingiza mwanga. Wageni walikwenda kushangaa.

Lakini mshahara wa supu ile ulitoka kwa wauzaji. Hao walipewa maneno ya kukariri tangu 1887, shule yao wenyewe, eneo la kila mmoja na kiwango cha mauzo. Anayefikia anavishwa taji, asiyefikia anajua mwenyewe. Na bosi alikuwa mwepesi wa kufukuza, hata wakubwa.

Mwaka 1901 wafanyakazi wenye bafu na bustani waligombana na kampuni kuhusu vyama vyao na wenzao waliofukuzwa, kiwanda kikafungwa kwa muda. Supu haikusaidia, jamani.

Upande wa mauzo ndiko kulikooza zaidi. Kijana Thomas J. Watson alitumwa kufungua biashara ya mashine kuukuu kwa fedha za kampuni, kwa siri, ili kuwaua washindani. Februari 1913 Patterson, Watson na wenzao wakatiwa hatiani kwa sheria ya kupinga ukiritimba. Mwezi uliofuata mafuriko yakaikumba Dayton, na Patterson huyo huyo akageuza kiwanda kuwa cha kuunda mitumbwi na kuwahifadhi wahanga. Mji ukamwona shujaa. Mwaka 1915 mahakama ya rufaa ikabatilisha hukumu.

Watson hakuwepo tena, alishafukuzwa. Mwaka 1914 alijiunga na kampuni ambayo mwaka 1924 aliipa jina la IBM. Huko akaanzisha klabu ya waliofikisha asilimia 100 ya mauzo, na nyimbo za kuisifu kampuni.