Diwani ya Muyaka na Mkono wa Mwalimu Sikujua

Ni rahisi kumweka Muyaka bin Haji al-Ghassaniy katika kundi la watunzi waliotambuliwa baada ya kufa. Alizaliwa Mombasa mnamo 1776 na kufariki mnamo 1840. Diwani yake ya kwanza kupigwa chapa ilitolewa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwaka 1940, karne nzima baadaye. Anayetazama tarehe hizo peke yake atadhani kwamba malenga huyu alikufa bila kusikika.

Tarehe hizo zinapima umri wa kitabu tu. Mombasa ya Wamazrui ilimjua Muyaka vizuri. Alikuwa karibu na watawala wake, akiwatetea na mara nyingine akiwaonya, na mashairi yake yalikuwa sehemu ya siasa ya mji uliopambana na Lamu na baadaye na Seyyid Said. Mapambano yaliyofikia vita vya Shela, mnamo 1812 hivi, yaliambatana na majibizano ya mashairi kati ya Mombasa na Lamu, ambako sauti kuu ilikuwa ya Bwana Zahidi Mngumi. Mtunzi hujibiwa na mahasimu wake pale tu wanapoona kwamba maneno yake yana uzito. Shairi la mizani kumi na sita lenye vina vya kati na vya mwisho, ambalo leo huhesabiwa kuwa umbo la kawaida la ushairi wa Kiswahili, lilipata mikononi mwake uwezo wa kubeba habari za bei, njaa, mapenzi, majirani na vita, mambo ambayo tenzi za kidini hazikuwa na haja ya kuyabeba.

Kilichokuwa hatarini, kwa hiyo, ni kumbukumbu. Mwaka 1837 Seyyid Said aliitwaa Mombasa, na wakuu wa Wamazrui wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas. Muyaka aliishi miaka mitatu tu chini ya utawala huo mpya. Shairi la tukio hudhoofika upesi kuliko utendi: likikosa wanaokumbuka nani alimwambia nini na kwa sababu gani, hubaki fumbo lisilo na mfumbuzi. Kwa muda wa kizazi kizima baada ya 1840 mashairi haya yaliishi vinywani mwa wazee wa mji, na kila mazishi yalipunguza hazina hiyo.

Aliyeiokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Mtu huyu wa Mombasa aliyakusanya mashairi kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika kwa herufi za Kiarabu, na kuyafafanua kwa ajili ya mmishonari W. E. Taylor, aliyefika pwani hiyo katika miaka ya 1880. Sikujua alifariki mwaka 1890. Taylor aliondoka na karatasi. Baada ya kifo chake mwaka 1927 zilimfikia William Hichens, naye ndiye aliyezitumia kuandaa toleo la 1940. Kitabu hicho kinajulisha katika jina lake kwamba habari za maisha ya Muyaka zimehadithiwa “ni” Hichens, kwa kiunganishi cha Kimvita ambacho Kiswahili sanifu kingekiandika “na”. Lafudhi ya kichwa ni ya Mombasa. Jina linalofuata ni la Mwingereza.

Kazi ya Sikujua haikuwa ya kunakili tu. Katika mwandiko wa Kiarabu wa wakati ule, alama moja ilitumika kwa *i* na *e*, na nyingine moja kwa *u* na *o*. *Kima* na *kema* yangeweza kuandikwa sawasawa. Msomaji asiyelijua shairi kwa moyo angepotea. Aliyejua neno lipi limekusudiwa ni mwalimu mwenyewe, na Taylor alitegemea masikio yake alipoyahamishia mashairi katika herufi za Kilatini. Taylor naye anastahili sifa yake: alikuwa miongoni mwa wageni wachache walioandika kwa uangalifu tofauti za sauti za Kimvita, kama ile inayotenga *paa* ya nyumba na *paa* mnyama, ambayo hutamkwa kwa mpumuo. Kwa mshairi aliyependa kucheza na maneno yenye maana zaidi ya moja, tofauti kama hiyo huweza kuamua iwapo mstari una mzaha au hauna. Tahajia sanifu, iliyojengwa juu ya Kiunguja baada ya uamuzi wa 1928, haina alama yake. Diwani ilitoka miaka kumi na miwili baada ya lahaja yake kuachwa kando.

Wanaisimu wanao mfano wa kulinganisha. Ferdinand de Saussure alifariki mwaka 1913, na kitabu kilichomletea umaarufu mkubwa kilitungwa na Charles Bally na Albert Sechehaye kutokana na madaftari ya wanafunzi, kikachapishwa mwaka 1916. Majina ya wahariri hao yapo katika ukurasa wa mwanzo, na wahakiki wamebishana kwa miongo mingi kuhusu kipi ni cha Saussure na kipi ni chao. Swali hilohilo kuhusu Muyaka na Sikujua halijaulizwa kwa bidii ya namna hiyo.

Mohamed Hassan Abdulaziz, katika kitabu chake cha 1979, aliyarudishia mashairi muktadha wa mji na wa historia, akalitaja wazi fungu la Sikujua. Tangu hapo hakuna mtafiti makini anayeweza kudai kwamba hakuambiwa. Hata hivyo, katika mihadhara na vitabu vya shule mnyororo hutajwa kwa viungo vitatu, Muyaka, Taylor na Hichens, kana kwamba karatasi zilijiandika zenyewe. Karatasi za Taylor zimo katika maktaba ya SOAS, London. Toleo litakaloweka mwandiko wa Kiarabu sambamba na maandishi ya Taylor na chapa ya Hichens lingeonyesha, mstari kwa mstari, ni wapi mwalimu aliamua, ni wapi mmishonari alisikia vingine, na ni wapi mhariri wa mwisho alibadilisha bila kumwuliza yeyote.